Picha ya Mutuku Kabla ya Upasuaji

Jumanne. Hapa Mukuyuni ni joto na vumbi.

Nimekuwa nikimchora Mutuku, rafiki yangu mchongaji wa vinyago. Alhamisi anafanyiwa upasuaji wa uvimbe kichwani, huko Nairobi. Ni yeye aliyeniomba picha, nami kwa kupenda sifa nikaamua kutumia ule mtindo wa kale wa Ulaya tuliofundishwa chuoni: nyuma giza tupu, mwanga wa upande mmoja, uso umetulia, ngozi laini hata alama ya brashi haionekani. Begani nikamtupia shuka nyeupe, kama wale mashujaa wa Kirumi. Nilijiona fundi kwelikweli.

Leo mama yake alipita kunisalimia akitoka sokoni. Akaitazama picha. Akaweka kikapu chini.

"Kwani nani amekufa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mtoto wangu bado anapumua, na wewe umeshamvalisha sanda?"

Nilitaka kumweleza habari za Warumi, kisha nikakumbuka. Hapa kwetu picha kubwa ya mtu peke yake, ametulia hivyo, huwekwa kando ya jeneza. Mimi ni Mkamba, nimezika ndugu. Niliwezaje kusahau? Nikamwita mama kwa Kikamba: "Pole, mwaitu." Akaondoka bila kuaga.

Naogopa.

Kanisani sikosi na ushirikina siutaki, lakini naogopa. Je, nimemwitia kifo kwa mkono wangu mwenyewe?

Mchana nikampigia Mutuku simu. Nikamwambia nitaipaka upya, nimvalishe ovaroli yake ya kazi.

"Wacha tu hivyo," akasema. "Mimi niliona kitambo inakaa ya matanga. Unafikiri nilikuomba ya nini? Sitaki mama aanze kuhangaika akitafuta picha."

Nilikata simu nikalia kama mtoto.

Sikuiacha hivyo. Rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo nikachukua kitambaa na tapentaini, nikafuta mkono wake wa kulia wote, kuanzia begani hadi vidoleni. Kisha nikamtumia ujumbe: "Mkono umeniharibikia. Ukitoka hospitali lazima uje ukae tena, siwezi kuumaliza bila wewe."

Hajajibu. Naosha brashi ambazo zimeshatakata.