Jibini Juu ya Nyama

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko juu Mbulu? Mimi huku kwenye mashamba ya ngano mwili ni mzima, ila moyo haujatulia.

Uliuliza nampikia nini mtaalamu wa kizungu. Mama, kila kitu ni jibini. Ni maziwa yaliyogandishwa na kukamuliwa hadi yakawa magumu kama kipande cha sabuni. Nalikwaruza kwenye bati lenye matundu makali, halafu mke wa mtaalamu ananiambia ninyunyize: kwenye makaroni, kwenye mayai, kwenye viazi, mpaka kwenye nyama, ndipo niingize kwenye oveni iive rangi ya kahawia. Likiota ukungu, anakata ukungu anaendelea kula. Mimi sijalionja. Kitu kinanuka vile na mtu anakisifia, lazima kuna jambo.

Sasa sikia. Yule mama mfugaji anayetuletea maziwa, mama wa binti niliyekwambia nataka kumwoa, aliingia jikoni nikiwa nanyunyiza jibini juu ya nyama.

"Hiyo nini?"

"Maziwa, mama."

Kwao maziwa hayachanganywi na nyama, ng'ombe wataugua viwele. Sikujua. Akanishika mikono, akainusa yote miwili, akabeba kibuyu chake kikiwa bado kimejaa, akaondoka.

Tangu hapo haleti maziwa. Mke wa mtaalamu ananiangalia kwa jicho baya, anadhani nimemfukuza ili nilete mtu wangu. Nikamfuata yule mama kwake. Hata ndani hakunikaribisha. "Ng'ombe wangu mmoja kiwele kimevimba," akasema. "Nikupe binti, uje umalize waliobaki?"

Mama, namshuku. Ng'ombe huyo alikuwa mgonjwa kabla yeye hajakanyaga jikoni kwetu siku ile, binti mwenyewe aliniambia. Nahisi anatafuta sababu tu. Sisi ni watu wa jembe, hataki binti yake apande milimani kulima.

Basi nimeacha kupika. Nimeomba kuhamia shambani, kushona magunia ya ngano. Mshahara ni mdogo na vumbi linakaba. Wazee usiwatume kuposa kwanza. Mimi mwenyewe nitarudi kwa yule mama, na mikono isiyonuka.

Nisalimie baba mdogo anayenichungia mbuzi, dada na mtoto wake mchanga, na katekista wetu. Waniombee, maana naogopa. Akinikataa tena, nitajua alichokataa siku ile hakikuwa jibini.

Mwanao,
Paulo