Gundi ya Daktari Nabwile na Sakafu ya Webuye

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Peris Nasike
Umri: Miaka 24
Kazi: Msafishaji, maabara ya chuo
Makazi: Kipsongo, Kitale
Tarehe na saa: Alhamisi, 13 Machi 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi
Mbele ya: Koplo Linet Chepkemei
Kuhusu: Kupotea kwa madumu mawili ya gundi ya utafiti

Mimi ndiye niliyeandikwa hapo juu. Nilisoma mpaka kidato cha pili. Nimekuja hapa kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. Nimekuja kwa sababu mzee Kipkosgei, mlinzi wa lango la chuo, amefungiwa hapa tangu Jumanne jioni, na leo saa nane anapelekwa kortini kwa jambo ambalo hakufanya.

Huu ni mwaka wa pili nikifanya kazi kwa maabara ya Daktari Rosaline Nabwile. Naosha vyombo, napiga deki, na ninashika ufunguo wa stoo. Funguo ni mbili tu, wake na wangu. Daktari anatafiti gundi inayoitwa epoksi. Alinieleza kwamba ile ya dukani ikiganda ni ngumu lakini ukiigonga inapasuka kama sahani, na ikishika moto inawaka mpaka iishe. Yeye anatia ndani kitu anachopika mwenyewe chenye fosforasi, hiyo hiyo iko kwenye mbolea ya DAP tunayopandia mahindi. Kitu hicho kinaifanya isipasuke haraka, na ikichomwa inajifunika makaa na moto unazima. Anataka itumike kutengeneza vibao vya mita za stima. Mimi naishi Kipsongo, nimeona nyumba tatu zikiungua kwa sababu ya waya, kwa hivyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kila siku anatengeneza vipande vidogo, mashine inavivunja, anaandika. Vingine anavichoma, anaandika. Nikifika nyumbani nilikuwa namsimulia mume wangu, Levi Makokha, ambaye ni fundi wa sakafu, na tunacheka. Siku moja nilimwambia, "Leo amevunja thelathini na akafurahi kama amepata mtoto." Maneno hayo ni yangu, siyakatai.

Mtoto wetu Rispah ana miezi tisa na hataki chupa. Kwa hivyo Levi, siku asipokuwa na kazi, humleta saa sita na nusu nimnyonyeshe kwenye chumba cha nyuma cha maabara. Kila mtu anayeingia langoni lazima aandikwe kwa kitabu. Mzee Kipkosgei hakuwa akiwaandika hawa wawili. Alikuwa akisema, "Mtu anakuja kunyonya, nitaandika amekuja kuona nani?" Naomba afande uliandike hivyo hivyo alivyosema, kwa sababu hilo ndilo kosa lake lote.

Mnamo Jumamosi tarehe 8 Machi, Levi alifika saa sita na dakika arobaini na mfuko wake wa kazi begani. Daktari alikuwa Nairobi. Nilichukua mtoto, nikaketi. Aproni yangu ilikuwa kwenye msumari, na ufunguo ndani ya mfuko wa aproni. Niliposhtuka kutoka usingizini ilikuwa saa saba na robo. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Levi alikuwa amesimama mlangoni, mfuko umefungwa, akaniambia, "Pumzika mama Rispah, unachoka sana." Akamchukua mtoto akaenda. Ufunguo nilipousaka ulikuwa pale pale.

Jumapili aliniambia ana kazi Moi's Bridge, ya siku nne.

Jumanne tarehe 11 saa tisa alasiri, Daktari alirudi, akafungua stoo, madumu mawili ya lita tano hayapo. Moja lilikuwa la gundi yenyewe na la pili la dawa ya kuigandisha. Kufuli haikuvunjwa. Mimi nilisema sijui, na wakati huo kweli sikujua. Polisi waliangalia kitabu cha lango, Jumamosi hakukuwa na jina hata moja. Walimuuliza mzee nani aliingia. Alisema hakuna. Alikuwa ananiangalia wakati anasema. Wakamchukua saa kumi na moja.

Siku hiyo hiyo, saa moja jioni, mama mkwe alinipigia simu kutoka Webuye, ambako Levi anatujengea nyumba ndogo bomani kwao. Hakunisalimu. Alisema, "Peris, mwambie bwana yako arudi atoe kuku wangu kwa hiyo sakafu yake."

Nikamuuliza, "Sakafu gani, mama?"

"Si hiyo alimwaga Jumapili! Inang'aa kama kioo, lakini inashika kama ulimbo. Kuku wa kwanza tulimtoa na mafuta ya taa. Huyu wa pili ananitukana tu."

Sikulala. Jumatano asubuhi nilienda Webuye na mtoto mgongoni, nikafika saa tatu. Levi alikuwa huko, hakukuwa na kazi yoyote Moi's Bridge. Nusu ya chumba ilikuwa imemwagwa gundi. Ndani yake kulikuwa na kandambili moja, manyoya, na alama ya goti la mtu. Harufu niliijua kabla sijaingia.

Nilimuuliza, "Levi, hii umetoa wapi?"

Akasema, "Usinipigie kelele mbele ya mama."

"Sijapiga kelele. Bado."

Akasema, "Si wewe kila siku unaniambia anatengeneza na kuvunja? Anatengeneza na kuchoma? Mimi nikaona afadhali itumike kwa nyumba. Epoksi ni epoksi, bana. Nimemwaga sakafu ngapi? Hii itaganda, ni mvua tu inaichelewesha."

Nikamwambia haitaganda hata ikikaa mpaka Krismasi. Ya Daktari haigandi kwa hewa, inagandia kwenye oveni yenye joto kali, masaa mengi, na oveni ya kuingia nyumba sijaiona. Akasema alitaka mtoto atambae pahali pasafi, kwa sababu funza walimshika kidole mwezi uliopita. Hilo ni kweli. Nilimtoa hao funza mimi mwenyewe. Lakini nilimwambia kuna mzee analala kwenye simiti kwa ajili ya hiyo sakafu.

Nilivaa glavu nikakwangua kiasi cha kujaza kikopo, na manyoya yake. Nilifika maabara saa tisa alasiri. Daktari alikipokea, akanusa, akaketi. Alisema tu, "Miezi minane, Peris." Wageni wa kuipima walikuwa waje wiki ijayo. Halafu akauliza kama mtoto ameigusa, nikasema hapana, akaniosha mikono yeye mwenyewe hata hivyo. Ile gundi aliiweka kwenye oveni.

Leo saa mbili asubuhi aliitoa, ngumu kabisa. Akaweka na kipande cha epoksi ya dukani, akaviwasha vyote viwili. Cha dukani kiliwaka mpaka tukakizima kwa mchanga. Kile cha Webuye kilifanya makaa meusi juu na kuzima chenyewe, na manyoya ya kuku yakiwa bado ndani. Daktari akasema, "Hii ni yangu." Ameniuliza ni nani, nikamwambia hilo nitalisema kituoni, nisiseme mara mbili.

Ni mume wangu, Levi Makokha. Alitoa ufunguo kwa aproni yangu nikiwa nimelala na mtoto kifuani. Mzee Kipkosgei hakujua kilichokuwa ndani ya mfuko.

Jana usiku Levi alinifuata Kitale. Nilimwambia nitakuja kusema. Akauliza, "Na nani atashika mtoto ukisema?" Nikamwambia, "Wewe."

Yuko hapo nje kwenye benchi, na Rispah. Si mtu mbaya. Ananichosha, lakini si mtu mbaya, na nitamletea chakula. Ila mzee atoke kwanza. Na ninaomba, afande, kabla hamjamwita ndani, mniache nitoke mimi nimchukue mtoto mikononi mwake. Saa hizi amelala.

Niliyoyasema ni niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, nimeelewa, sina la kupunguza.

Sahihi: P. Nasike

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya kwa Kiswahili na kumsomea shahidi, akaweka sahihi mbele yangu saa tano na dakika ishirini. Shahidi alitoka akamchukua mtoto. Levi Makokha aliingia mwenyewe saa tano na dakika thelathini na tano. Mlinzi Kipkosgei ameachiliwa saa sita kamili.

Koplo L. Chepkemei