Gogo Lililosimama Majini

Mjukuu wangu Komora,

Hapa kijijini Hewani hatujambo. Mamako amemaliza kupanda mpunga, na kikohozi cha babu yako kimepungua.

Unauliza kamera unayoifundisha kwa picha kumtambua mamba itamjuaje mto ukijaa, maana picha zako zote ni za kiangazi.

Nilipokuwa msichana, mafuriko yalileta magogo mengi. Nikiwa kwenye mtumbwi niliona moja zuri, nikalisogelea nilivute liwe kuni. Mama akapiga kelele kutoka ukingoni: "Magogo yote yanashuka, hilo mbona limesimama?"

Nikageuza mtumbwi. Gogo likazama.

Tangu hapo natazama kwanza maji yanakwenda wapi, na nisichokitambua nakipisha. Ifundishe kamera yako nayo kusema "sijui." Siku ile mimi nilikuwa na uhakika kabisa.

Nyanyako anayekuombea