Mkwe wa Sinema Amemaliza Kimanga

Baba Neema wangu,

Salamu kutoka kwetu Bura, penye ukungu na makamera. Wajerumani na Wakenya wanapiga filamu ya mapenzi, na Mama anaigiza mama mkwe. Bwana harusi Mzungu alitakiwa aonje kimanga, ile mihogo na maharagwe ya kupondwa, akunje uso, asukume sahani. Akala yote! Wakarudia mara tano, na kila sahani ikiisha Mama anaijaza.

Mwongozaji akamsihi, "Mama, usimwongeze!"

"Mgeni akae na sahani tupu kwangu?"

Nikakukumbuka wewe, Mjaluo wangu, siku uliyokuja kujitambulisha ukasingizia tumbo ili usile kimanga. Mama naye hajasahau. Jumamosi nikirudi nyumbani ananifungia hotpoti nzima ya kimanga. Anasema, "Ya mkwe wangu. Huyu anaigiza tu."

Nakupenda. Jumamosi usile mchana.

Mama Neema