Udongo Uliokula Karatasi

Jacona, 19 Agosti

Kaka yangu mpendwa Nazario,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini umepona kifua na kazi huko Tijuana inakwenda. Sisi wazima, mama anasumbuliwa na goti, na baba anasumbuliwa na mama.

Najua unangoja kusikia kama shamba limeuzwa kwa yule mfyatua matofali, upate fungu lako la kununulia lori. Nitafika huko. Niache nieleze kwa mpangilio.

Baba alikuambia ardhi imekufa, imejaa vipande vya plastiki kuliko stroberi, na hakukosea. Ila msimu huu matuta ya karibu na mfereji niliyafunika kwa karatasi mpya inayooza, ya wanga wa mahindi, badala ya ile plastiki tunayotandaza kila msimu. Baba alicheka, akasema nimezivisha stroberi mikate ya tortilla.

Juni majirani walikuja kung'oa plastiki kama kawaida. Baba yako wa ubatizo, Fulgencio, alifika kwenye tuta langu, akashika ukingo kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zote. Hapakuwa na cha kuvuta. Alianguka chali mferejini, mkononi ana kipande kama jani kavu. Shangazi Otilia akamuuliza kama tumletee na sabuni.

Baba hakucheka. Alipiga magoti akafukua. Ukingo uliozikwa ulikuwa umebaki nyuzinyuzi, mizizi imepenya katikati, minyoo imejaa. Akasema tulime, tungoje mvua.

Mvua zikaja. Kila Jumapili alitoka misani akaenda kuchimba palepale, na shati lake la kanisani. Jumapili iliyopita aliniita. Alivunja bonge la udongo polepole, akanusa, akanipa. Kaka, ulikuwa udongo mtupu. Mweusi, laini, unanukia. Hata uzi mmoja sikuuona. Shuleni nilifundishwa jinsi vitu vinavyooza, lakini pale niliogopa hata kukanyaga. Baba alikuwa amevua kofia.

Kesho yake mfyatua matofali alikuja na hati za kutia sahihi. Baba alimkaribisha maharage, wakala. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya mgeni, akaniuliza nasemaje. Nilijua lori lako limo ndani ya jibu langu, Nazario. Nilisema asiuze. Baba akarudisha kalamu, akamwambia mgeni kwamba udongo unaokula namna hii haujafa.

Basi shamba halijauzwa, na aliyesema neno ni mimi. Sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Baba anasema ukikasirika usikasirikie huko mbali. Njoo ukasirikie hapa, maana matuta mengine yote yanahitaji kuokotwa plastiki na mikono haitoshi.

Mama anakubusu, anauliza kama unakula. Wasalimie wenzako wa chumbani. Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Dada yako akupendaye,
Yunuén