Mtu wa Milima Kakutana na Mlima Rungwe

Mdogo wangu Neema, salamu kutoka Tukuyu kwenye ubaridi na ndizi tamu.

Unakumbuka shemeji yako alivyotapika kwenye boti ya Zanzibar mbele ya watoto, akasema yeye ni mtu wa milima? Basi leo nimempeleka Mlima Rungwe. Jua lilikuwa kali, akamcheka mama mmoja, kiongozi wetu wa njia, kwa kuwa alibeba mwavuli. Hatujafika hata kwenye mianzi, mvua ikamwagika. Akateleza, akakaa matopeni, akatangaza kuwa yeye ni mtu wa pwani.

“Pole baba, njoo tujifunike,” yule mama kiongozi akamwambia. Wakashuka wameshikana kama bibi harusi na msimamizi wake, mimi nyuma nalowa na begi lake.

Nakupenda. Msalimie mama, mwambie mkwewe mzima, tumebakiza kumjaribu jangwani tu.

Dada yako, Tumaini