Wivu wa Baba Kijino

Jumanne, 4 Machi

Baba Kijino, mume wangu,

Salamu nyingi kutoka ugenini. Hujambo? Kijino naye hajambo? Lile jino jipya limechomoza, au bado anapiga mluzi kila akitamka "sabuni"? Sisi tumefika salama, mimi na wanafunzi wote sita, ukiacha begi moja lililokwenda matembezi kwingine na kurudi likiwa na gurudumu moja.

Chuo cha wenzetu ni kikubwa. Tumepewa maabara ghorofa ya tatu, na humo mna hadubini ambayo ukiiona utaiamkia shikamoo. Leo nimemwona kimelea wa kichocho akitoka kwenye konokono, mkia umegawanyika kama uma, anaogelea kama mtu aliyechelewa kazini. Wanafunzi walisukumana hadi nikawapanga foleni kama watoto wa chekechea. Kasuku, yule binti asiyefunga mdomo, aliufunga.

Mwenyeji wetu ni mtu mpole, kila siku amefunga tai, hata tukiingia kwenye matope ya bwawa. Wanafunzi wameshambatiza Profesa Tai.

Naomba uniangalizie konokono wangu wa huko. Majani ya saladi usiwabanie, na maji ya bomba yaache yalale kwanza. Najua unajua. Nasema tu kwa kuwa niko mbali.

Mkeo.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Kijino,

Salamu zimefika. Sisi wazima, tunasukuma siku. Jino limetoka, limekaa upande kama mlevi. Konokono wako wanakula kunishinda.

Kasuku ametuma picha kwenye kundi la idara. Mvua inanyesha, na huyo Profesa Tai amekushikia mwavuli. Mwavuli wote uko kwako, yeye bega linalowa. Nimeikuza picha nikaitazama vizuri. Mwanamume haachi bega lake lilowe bure. Katibu muhtasi akaniambia, "Mwalimu, mkeo anatunzwa huko." Nikacheka, lakini kicheko kilitokea puani.

Swali dogo tu: ana mke?

Halafu sikujua kwamba katika kila picha wewe ndiye unayesimama mbele. Nilidhani mmekwenda kujifunza.

Mumeo.

Jumapili, 9 Machi

Baba Kijino wangu,

Hamjambo nyumbani? Barua pepe yako nimeisomea mkahawani, nikacheka hadi wa meza ya pili akageuka. Mke anaye, na wajukuu anao. Mwavuli ulikuwa wa kukinga kasha la konokono nililobeba. Umeridhika?

Sasa sikiliza. Ijumaa nilitoa mhadhara kuhusu utafiti wetu. Ukumbi ulijaa, wengine wakakaa kwenye ngazi. Nilipomaliza, Profesa Tai aliniita pembeni akasema wanataka nibaki mwaka mmoja niongoze kazi ya konokono hapa. Nikamwomba arudie.

Nikamwambia nitamuuliza mume wangu. Siombi ruhusa; ni kwamba jambo hili bila wewe halina ladha. Najua safari hii tuliiomba wote wawili, nikachaguliwa mimi, na wewe ndiye uliyenifungia begi. Sijasahau. Likizo ndefu wewe na Kijino mngekuja.

Wameshamwandikia Mkuu wetu wa Kitivo huko niruhusiwe. Niambie unavyoona, bila kuficha. Nasubiri.

Mkeo.

Jumatatu, 17 Machi

Mama Kijino,

Natumai u mzima. Samahani kwa kuchelewa. Tangu nikaimishwe ukuu wa idara sipati hata nafasi ya kujikuna. Kijino ana kikohozi, si kikubwa. Anakuulizia. Konokono wawili wamekufa, nadhani ni uzee.

Hilo jambo lako la mwaka mmoja tutalizungumza ukirudi. Mambo mazito hayamalizwi kwa barua.

Mumeo.

Alhamisi, 20 Machi

Mume wangu,

Nakusalimu, maana salamu ni haki ya kila mtu.

Mkuu wa Kitivo amenijibu. Anasikitika. Idara imemweleza kwamba bila mimi kozi zitakwama na utafiti utakufa, kwa hiyo siwezi kuachiwa. Nikalirudia hilo neno "idara". Idara ni nani siku hizi? Ni kaimu mkuu wake. Na kaimu mkuu wake hulala upande wa ukutani, akikoroma.

Anasema ulimwandikia siku tatu tu baada ya barua yangu. Kisha ukakaa kimya, na ulipofungua mdomo ukaniletea habari za kikohozi.

Nilipodhani unamwonea wivu Profesa Tai nilifurahi kidogo, sikufichi. Mke gani hapendi kuonewa wivu? Kumbe anayeonewa wivu si yeye, ni mimi. Hukuwa ukitazama mkono ulioshika mwavuli. Ulikuwa ukitazama nani amesimama mbele.

Ungeniambia "inaniuma", ningelia pamoja nawe. Wewe ulinifungia mlango, kisha ukaniuliza hali.

Tarehe 29, Jumamosi, narudi na wanafunzi. Usije kutupokea. Tutapanda teksi.

Mama Kijino.

Jumanne, 25 Machi

Mama Kijino,

Sijui nianzie wapi kukusalimu. Kijino amepona, tuanzie hapo.

Barua yako niliisomea ofisini nikiwa nimefunga mlango. Kwanza nilikasirika, kama mtu aliyekamatwa mkono ukiwa chunguni. Nikatafuta utetezi: kozi, mtoto, konokono. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa uongo.

Jioni Kijino akaniuliza, "Mama amekosa nini?"

"Hajakosa kitu."

"Mbona ukimtaja unakunja uso?"

Nikamwambia ale chakula kisipoe.

Jana nikaenda kwa Mkuu wa Kitivo. Nikamwambia ile barua ya idara naifuta, kozi zako nitazifundisha mimi.

Akavua miwani. "Majuzi zilikuwa hazifundishiki."

"Zinafundishika, mzee."

"Sasa kilichokufanya uandike vile ni nini?"

"Wivu."

Nilidhani atanitimua. Akaipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Kisha akasema, "Kaka yangu naye alikuwa profesa. Hatukusemezana mpaka nikamzika. Nenda kafundishe." Akaidhinisha palepale.

Usidhani nimepona. Leo asubuhi Kasuku ametuma picha nyingine, wewe na ile hadubini, na kitu kikanichoma kifuani. Inaniuma kwamba ni wewe, si mimi. Inaniuma zaidi kwamba walichagua vizuri. Lakini heri iniume wewe ukiwa huko, kuliko nitulie huku nikijua nimekuzima.

Wanafunzi nitawapokea mimi. Wewe baki.

Mumeo, kama bado.

Ijumaa, 28 Machi

Baba Kijino,

Hamjambo? Nimefurahi mtoto amepona. Mimi ni mzima.

Nimebaki. Wanafunzi wanaondoka kesho. Kasuku amenililia begani hadi blauzi ikalowa. Ukimpokea, mwache azungumze, atakumalizia habari zote.

Barua yako niliisoma, kisha nikazunguka bwawa hadi viatu vikajaa matope. Hasira ningali nayo. Si ya ugomvi, ni ya kukaa nayo tu. Huo ukweli ulimwambia mtu mwingine kabla yangu, na hilo nalo limenichoma. Lakini umeusema, na najua umekugharimu.

Nimepewa chumba chenye dirisha kubwa na kitanda kimoja. Likizo mkija, Kijino atalala nami. Wewe nimekuazimia godoro. Nitalitandika karibu na mlango, na kila jioni utaniuliza kazi ilikwendaje, nami nitakueleza yote, hata yale mazuri. Tutaona godoro litasogea kwa kasi gani.

Mkeo.